Mahudhurio ya Kimwani

Faili lilikuwa limeshawekwa mezani kabla Nuriat hajaketi. Aliandika hilo katika daftari lake kwa neno moja: limeandaliwa.

"Dodoma walinipigia jana," alisema Mwijage, mkuu wa kanda wa Wakala wa Afya ya Migomba. "Wakasema anakuja mchunguzi wa Kamati ya Sheria Ndogo, nimpe kila anachotaka. Nikauliza jina. Nuriat Ismail! Baba yako si yule mzee wa duka la vitambaa, kule sokoni?"

"Ndiye."

"Basi wewe ni wa hapa hapa Bukoba. Sina haja ya kukueleza mgomba ni nini."

"Mgomba naujua, mzee wangu. Nimekuja kuelezwa mkutano."

Mwijage alicheka kidogo, akalisogeza faili mbele. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga huko Kitendaguro, na dirisha lilitazama migomba ya jirani. Kila upepo ulipopita, jani moja lililochanika lilikwaruza kioo. Nuriat alisogeza kiti ili asilione.

Kazi yake ilielezeka kwa maneno machache. Bunge hutunga sheria. Sheria humpa waziri au wakala ruhusa ya kutunga kanuni. Na kamati yake huangalia kama kanuni hizo zilitungwa kwa utaratibu ulioruhusiwa. Sheria iliyouanzisha Wakala ilisema wazi kwamba kabla ya kanuni yoyote kutungwa, wakulima wa wilaya zitakazoguswa waulizwe maoni yao. Wiki mbili zilizopita kamati ilipokea barua iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Ilitoka kwa mjane wa Kimwani, wilayani Muleba, aitwaye Verdiana. Alikuwa amempa binti yake machipukizi manne ya migomba bila cheti. Kwa kosa hilo kibanja chake chote, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kingeng'olewa Jumamosi. Mstari wa mwisho ulisema: Naomba Bunge liniambie, hii kanuni ilimuuliza nani?

Leo ilikuwa Jumatano. Kamati ingekutana Ijumaa asubuhi, na taarifa ya Nuriat ilitakiwa kufika Dodoma kesho, Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni. Ikithibitika kwamba wakulima hawakuulizwa, mwenyekiti wa kamati angemwandikia waziri siku hiyo hiyo asimamishe utekelezaji, kisha Bunge lingeombwa kuzifuta kanuni. Ikionekana waliulizwa, Jumamosi ingebaki kuwa Jumamosi.

"Mkutano wa maoni wa Kimwani ulifanyika lini?"

"Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka jana. Imeandikwa hapo juu."

"Na kanuni zikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali tarehe kumi na moja Oktoba."

"Miezi miwili baadaye. Tuliwasikiliza, tukaandika, tukatangaza."

Nuriat aligeuza karatasi. Muhtasari wa mkutano, kurasa mbili, umechapwa. Picha moja yenye rangi. Orodha ya mahudhurio yenye majina thelathini na nane yaliyoandikwa kwa mkono, safu nne: jina, wadhifa, kijiji, saini. Tarehe na kichwa cha habari vilikuwa vimechapwa. Alipitisha kidole kwenye saini moja baada ya nyingine. Safu ya wadhifa aliiruka. Karibu wote walikuwa wakulima. Wino ulikuwa mmoja tangu wa kwanza hadi wa thelathini na nane.

"Kalamu ilikuwa moja?"

"Ilizunguka. Ungetaka kila mkulima aje na ya kwake?"

"Kamati iliwaandikia tarehe mbili Desemba, kama inavyofanya kwa kila kanuni mpya, ikiomba uthibitisho wa mkutano huu. Mkajibu tarehe ishirini. Karatasi nne kwa siku kumi na nane. Kwa nini?"

"Dada, wewe ni mtoto wa Bukoba na unaniuliza habari za Desemba? Nshomile wote, wasomi wetu, wamerudi kutoka Dar na magari yao, kila siku harusi, kila siku kipaimara. Mwezi ule ofisi ni jengo tu."

"Picha ilipigwa kwa simu ya nani?"

"Yangu."

"Naomba niione kwenye simu."

"Ilianguka ziwani. Nilikuwa kwenye mtumbwi, nakagua kisiwa."

"Lini?"

"Mwezi huu."

Nuriat aliandika: picha asili, haipo. "Kitabu cha safari za gari?"

"Gari lilikuwa gereji mwezi ule wote wa Agosti. Tulikodi."

"Kwa nani?"

"Sikumbuki." Mwijage alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha. "Nikuulize na mimi. Umewahi kuuona mnyauko? Si kwenye kitabu. Umewahi kuuona?"

"Hapana."

"Kwetu ni Izimbya. Mama yangu ana miaka themanini na mbili. Alikata mkungu, akapasua ndizi, ndani ikawa na rangi ya kutu. Akakata wa pili, vile vile. Miezi saba, kibanja alichokikuta kwa baba mkwe wake kikawa uwanja. Sasa anakula ugali, na kila siku ananiuliza mimi msomi nimefanya nini." Alikuwa akitazama dirishani. "Mnyauko hausubiri mkutano, dada."

"Kwa hiyo hamkusubiri?"

Mwijage aligeuka polepole. "Sikusema hivyo."

Nuriat aliomba nakala za kila karatasi, zigongwe mhuri wa ofisi kila ukurasa. Mhuri ulipogongwa alihesabu kurasa, akahesabu tena, kisha akaaga.

*

Alhamisi saa nne kasorobo asubuhi alikuwa Kimwani, viatu mkononi. Bodaboda iliyomtoa Muleba mjini ilikwama kwenye tope mwendo wa nusu saa kabla ya kitongoji, akamalizia kwa miguu. Mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kuondoka. Aliweka kengele ya simu ilie kila saa moja, kisha akaanza na alichokuwa amekidhania tangu jana: saini zote ziliandikwa na mtu mmoja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Vestina, aliyekuwa anamenya ndizi barazani. Alifuta kidole, akakiweka juu ya nambari kumi na mbili.

"Hii yangu."

"Una uhakika, mama?"

"Hiyo V yenye mkia nilifundishwa na Sista mwaka sabini na tisa. Hakuna mwingine mwenye mkia huo. Walitupa na soda."

Wa pili alikuwa Yoeli, fundi baiskeli. Alitazama nambari ishirini, akasema ni yake, akaandika nyingine pembeni ya daftari la Nuriat. Zilifanana kama mapacha.

Wa tatu alikuwa Avit, mzee mrefu aliyekuwa anaanika kahawa kwenye mkeka. Nuriat alimwamkia kwa Kihaya chake cha mjini.

"Kasinge, waitu."

"Kasinge, mwanangu. Kihaya chako kinachechemea lakini kinafika. Keti."

"Jirani yako amesema ulikuwa mwenyekiti wa kitongoji hiki."

"Miaka kumi. Usiandike mwenyekiti. Andika mkulima. Walinipumzisha." Alicheka, na jino moja la mbele halikuwepo. "Rugaibula alinishinda. Sasa yeye ndiye anakula simu za usiku. Mimi nakula usingizi."

"Saini hii, mzee?"

Avit alinyoosha karatasi mbali na macho. "Yangu. Nilikaa upande ule wa kivuli."

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Mwaka jana."

"Agosti?"

"Mwaka jana ulikuwa na mambo mengi, mwanangu. Nilizika ndugu wawili."

Kengele ya simu ililia. Saa tano. Nuriat aliizima, akasimama, akaketi tena, akafungua daftari na kukata mstari mmoja mrefu juu ya maneno yake ya jana: saini za bandia. Watu walikuwepo. Walisaini wenyewe. Walikunywa soda. Kama mkutano ulikuwepo, basi Verdiana aliulizwa, hata kama amesahau, na kamati isingekuwa na la kusema.

Alikwenda kwa Verdiana akitembea haraka kuliko njia ilivyoruhusu.

*

Mlangoni mwa kibanja kulikuwa na moto mdogo wa magogo. Mwanamke mfupi, kanga imefungwa juu ya sweta, aliingiza panga motoni, akaligeuza upande wa pili, akalitoa na kulipunga hewani. Kisha akaenda kukata majani makavu ya mgomba mmoja. Alirudi, akaliingiza tena motoni kabla ya kuendea mgomba wa pili.

"Kasinge, mae. Mimi ni Nuriat. Natoka Bungeni."

Panga lilibaki motoni. "Bungeni lile la Dodoma?"

"Lile lile. Umetuandikia."

"Nilimwambia binti yangu Immakulata: wataifungia maandazi barua yangu." Verdiana alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa kwa muda mrefu. "Mawe!" alishangaa kwa Kihaya. "Na umekuja pekupeku."

Walizunguka kibanja. Kila mgomba ulikuwa na jina la aliyeutoa. Ule wa shangazi. Ule wa Padri. Ule aliopewa siku mume wake alipozikwa, na jirani ambaye hawakuwa wanasemezana. Binti yake Immakulata alipojenga kwake Izimbya, Verdiana alichagua machipukizi manne mazuri, akayafunga kwa kamba, akampakia.

"Ningempa nini kingine? Sufuria? Sufuria zinauzwa dukani."

"Hukujua kuna kanuni?"

"Nilijua siku waliponiletea karatasi. Kanuni ya kumi na nne: kibanja kilichotoa chipukizi bila cheti king'olewe chote. Nikauliza cheti kinatolewa wapi. Wakasema Bukoba. Siku nzima njiani, kwenda na kurudi."

"Lakini walifanya mkutano hapa, mae. Jina lako ni la thelathini na moja."

"Walifanya. Hata kivuli walichokalia ni changu."

Nuriat alitoa picha. Watu wamekaa kwenye mabenchi na kwenye nyasi, mtu wa Wakala amesimama na karatasi, nyuma yao migomba. Verdiana aliishika kwa vidole viwili.

"Huyu Yoeli. Huyu Vestina, kafumba macho kama kawaida yake. Huyu hapa nyuma ni mimi."

Jana Nuriat alikuwa amemwona mwanamke huyo wa safu ya mwisho, ameinama, ungo mapajani. Hakuwa amemwandika.

"Unachambua nini hapo? Maharage?"

"Maharage! Mkutano wa saa mbili nichambue maharage?" Verdiana alicheka hadi akashika kiuno. "Ni senene, mwana wangu. Nawanyonyoa mabawa niwakaange. Usiku wake walishuka wengi, ndoo mbili zilijaa. Yule bwana akasema, mama, weka ungo chini usikilize. Nikamwambia masikio yangu hayapo kwenye vidole."

Nuriat alichukua picha, akaisogeza karibu na uso. Kwenye ungo kulikuwa na kitu cha kijani. Aliinamia tena.

"Senene," alisema. "Agosti?"

"Agosti ya wapi? Senene wanashuka Novemba, Desemba. Agosti hapa ni vumbi tu. Mkutano huu ulikuwa juzi juzi, Immakulata alikuwa amekwisha kunyang'anywa machipukizi. Walisema ni semina. Wakasoma kanuni, tukapiga makofi, tukasaini, tukanywa soda."

"Walikuuliza maoni?"

"Wangeniuliza ningesema." Aliuelekeza mkono kwenye pembe ya kibanja, kwenye shimo lililofukiwa. "Pale mwaka juzi niling'oa mitatu yenye ugonjwa, kwa mikono yangu, nikalia kama mtu amekufa. Hii mingine imepona. Kuna namna. Lakini nani alikuja kuuliza?"

Nuriat alipanda kwenye kichuguu nyuma ya jiko, mahali Verdiana alipomwambia mtandao hupatikana, akampigia katibu wa kamati. Rwegasira alikuwa mtu wa Muleba pia, mwanasheria wa miaka thelathini kazini, na hakuwa na maneno ya ziada.

"Nimepata, mzee. Mkutano ulifanyika Desemba, baada ya barua yetu. Walirudisha tarehe nyuma. Kwenye picha kuna senene."

"Senene?"

"Kwenye ungo. Senene hawapatikani Agosti."

"Mimi na wewe tunajua. Kamati ina wajumbe wa Mtwara na Pemba. Waziri atasema ni mboga. Atasema ni maharage mabichi. Tutabaki tunabishana juu ya ungo hadi chai ya saa nne."

"Kuna mashahidi."

"Watasema wamesahau mwezi, na watapewa soda nyingine. Nuriat, nataka karatasi yao, yenye mhuri wao, inayojipinga yenyewe. Una hadi saa kumi."

Simu ilikatika. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Nuriat alibaki juu ya kichuguu akifungua kurasa zile zile. Muhtasari ulichapwa vizuri mno. Mhuri ulikuwa wa jana. Tarehe ilichapwa juu, juu ya kila kitu, na hakuna aliyeiandika kwa mkono wake. Alisoma majina kwa sauti ya chini, akishuka, akipanda. Alikuwa kwenye nambari tisa aliposikia gari.

*

Lilikuwa pikapu jeupe la Wakala. Nyuma walikaa wanaume wanne wenye mapanga na majembe. Mbele, kando ya dereva, alishuka Mwijage. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mtu mnene mwenye koti la suti na buti za mvua. Mfuko wa koti ulikuwa na kitambulisho kinachoning'inia.

"Jumamosi kuna mvua kubwa," alisema Mwijage bila kumtazama Nuriat. "Tumeisogeza kazi leo."

Verdiana alisimama mbele ya moto wake. Alikuwa ameshika panga kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa unatafuta mahali pa kukaa, mara kwenye kanga, mara kwenye sweta.

"Kanuni ya kumi na sita," alisema Nuriat, akishuka kichuguuni. "Hakuna anayeingia kibanjani bila fomu iliyosainiwa na mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya mwenye kibanja."

"Ndiyo maana nimemleta mwenyekiti." Mwijage aliweka fomu juu ya boneti. "Mzee Rugaibula, hapa. Na hapa."

Rugaibula alichomoa kalamu yake mwenyewe. Alijikohoza, akanyoosha koti.

Nuriat alikuwa bado na orodha mkononi, kidole kwenye nambari tisa. Safari hii macho yake hayakuruka safu ya pili.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema. "Kabla hujasaini, nisaidie kitu kidogo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Bungeni? Nimesikia tangu asubuhi. Karibu kitongojini kwangu. Ungeripoti kwangu kwanza, lakini hatukosani."

"Nisamehe. Nambari tisa hapa ni saini yako?"

Rugaibula alitazama. "Yangu."

"Na haya maneno kwenye wadhifa? M/Kiti wa Kitongoji. Umeandika wewe?"

"Nani mwingine angeandika? Huo ni mwandiko wa mtu aliyesoma." Mmoja wa wanaume nyuma ya gari alicheka. Verdiana pia nusura acheke.

"Hongera, mwenyekiti. Ulichaguliwa lini?"

Rugaibula alisimama wima kama mtoto anayeitwa mbele ya darasa. "Tarehe ishirini na saba Novemba. Kura mia moja arobaini na mbili. Avit themanini na tisa. Matokeo yalibandikwa pale ofisi ya kijiji, mpaka leo yapo."

"Asante. Sasa tarehe kumi na nne Agosti ulikuwa nani?"

"Mkulima," alisema Rugaibula, kisha akaitazama orodha tena.

Nuriat aligeuza orodha kumwelekea Mwijage, kidole kikishuka mistari sita. "Nambari kumi na tano ni mzee Avit. Agosti ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hapa ameandika mkulima. Karatasi hii inasema ilisainiwa Agosti, lakini vyeo vilivyomo ndani ni vya baada ya uchaguzi. Na ina mhuri wako kila ukurasa, mzee wangu. Uligonga mwenyewe jana, nikihesabu."

"Ni tarehe tu," alisema Mwijage. "Mpiga chapa alikosea. Mkutano ulikuwepo. Watu walikuwepo."

"Barua yetu ilikuwa ya tarehe mbili Desemba. Mkaja hapa baada ya hapo."

"Watu walikuwepo!"

"Walikuwepo. Ukiwauliza kabla ya kutunga, hayo ni maoni. Ukiwaita baada ya kutangaza, hayo ni mahudhurio."

Jani lilianguka kwenye moto, likafuka moshi. Rugaibula aliivuta orodha karibu.

"Mliniambia semina," alisema.

"Mwenyekiti, saini fomu tuondoke."

"Mliniambia andika jina na cheo, tarehe tutajaza ofisini. Nikaona ni kawaida."

Nuriat alifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akaliweka juu ya boneti kando ya fomu. "Andika hivyo hivyo ulivyosema. Kwa mkono wako. Nina hadi saa kumi."

Rugaibula alitazama karatasi mbili zilizokuwa mbele yake. Jasho lilikuwa limetoka chini ya kola. "Nikiandika hii, nitakuwa mwenyekiti aliyesaini uongo hata miezi miwili hajamaliza. Avit atacheka mpaka Pasaka."

"Avit anachekea pengo," alisema Verdiana. "Ulipokuja kuomba kura, Rugaibula, ulikaa kwenye kigogo kile pale. Ulikula ndizi zangu sahani mbili. Ukasema, Verdiana, nichague nikusemee. Mimi sikukuomba bati wala bomba. Nisemee basi."

Rugaibula aliinama juu ya boneti. Alianza na tarehe ya siku ile, kubwa, akaipigia mstari. Kisha akaandika polepole, akitamka maneno kwa midomo: kwamba mkutano ulifanyika Desemba, kwamba uliitwa semina, kwamba hakuna aliyeulizwa maoni. Aliweka saini. Akasita. Akaandika cheo chake chote kwa kirefu bila kufupisha neno hata moja.

Kisha akaichukua fomu ya Wakala, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

Nuriat alishapanda kichuguu. Alipiga picha daftari, akapiga orodha, akapiga saini. Alama ya mtandao ilikuja, ikaondoka. Alinyoosha simu juu ya kichwa, akahamia mguu mwingine, akainyoosha tena. Saa tisa na dakika saba ujumbe uliondoka. Saa tisa na kumi na mbili ulijibiwa. Rwegasira aliandika: *Imefika. Inajipinga. Mwenyekiti wa kamati anamwandikia waziri sasa hivi.* Nuriat alisoma kwa sauti ili kila mtu asikie.

Verdiana hakumtazama. Alikuwa anatazama nyuma ya pikapu.

"Mapanga hayo," alisema. "Jana mlikuwa wapi nayo?"

Wanaume walitazamana. Mmoja alijibu, "Tulikuwa tunang'oa kibanja cha juu, karibu na barabara. Kile chenye ugonjwa."

"Mkayapitisha motoni?"

Aliyejibu alisukuma panga lake nyuma ya jembe kwa mguu.

"Mnatoka kukata mgonjwa, na panga lile lile mnataka kukatia huyu mzima." Aliinua panga lake, bado lina joto. "Mimi napitisha motoni kila mgomba. Kila mmoja! Ndiyo maana hii imepona. Chipukizi zuri lina kosa gani? Ugonjwa unatembea na nyie."

Mwijage alikuwa amekwenda nyuma ya gari. Alichukua panga moja, akaligeuza kwenye mwanga. Utomvu mkavu wa jana ulikuwa umeganda kwenye makali, rangi ya kahawia. Alilishika muda mrefu kiasi cha Nuriat kushuka kichuguuni na kufika pale.

"Izimbya," alisema Mwijage, kama anaongea na panga, "mgomba wa kwanza ulipougua niliwatuma vijana wangu wakamkatie mama. Wakakata ule mmoja. Halafu nikawaambia wampunguzie na majani ya mingine, wamsaidie, wamsafishie kibanja chote."

Alilirudisha panga taratibu, akaja hadi karibu na moto. Kalamu mbili zilikuwa bado mfukoni. Alitoa moja, akatazama huku na huku, na Nuriat akachana karatasi kutoka kwenye daftari lake na kumpa.

"Mama," alisema Mwijage, "ile mitatu ya mwaka juzi. Uliijuaje mapema?"

Verdiana alimtazama kuanzia viatu hadi kola. Kisha akavuta kile kigogo kwa mguu, akakisogeza karibu na moto.

"Kaa," alisema. "Ni habari ndefu."